Beringi Moja ya Landrova ya Baba

Jumanne, 6 Desemba 1994

Nimeosha pinioni tena kwa mafuta ya taa. Mswaki wa zamani wa mke wangu, Mama Aika, jino moja baada ya jingine. Meno mazima. Ajabu, kwa gia iliyolala kwenye migomba tangu Aika hajazaliwa, na sasa Aika yuko sekondari.

Difu, sanduku la gia za magurudumu ya nyuma, yote iko mezani, vipande vipande. Umeme hakuna, mgao. Nafanya kazi mlangoni mwa gereji nipate mwanga.

Yule mama wa maziwa kashuka na salamu za Baba kutoka Old Moshi. Salamu ni zilezile. Krismasi atakwenda kanisani na gari lake mwenyewe, au hatakwenda. Miguu haimpeleki tena, mchungaji ndiye anayemfuata nyumbani na chakula cha Bwana. Mwaka jana Elisante, mdogo wangu, alikuja na gari lake la Kijapani kutoka Dar, akafungua mlango. Baba akalitazama. Akasema mtu mzima haingii garini kwa kuinama. Akarudi ndani.

Na gari lake ni hili. Landrova aliyoinunua kwa kahawa kabla ya uhuru. Kwetu mtoto wa kwanza hupewa shamba, wa mwisho hubaki na nyumba ya wazee. Mimi ni wa katikati. Nilipewa landrova iliyokufa. Nikicheka ni kwa sababu nimezoea.


Alhamisi, 8 Desemba

Beringi imefika! Mama mmoja wa mitumba anayevuka Holili kila wiki kaniletea kutoka Nairobi, imefungwa kwenye sweta la mtoto. Ni moja tu. Mwenye duka alipekua vumbi lote, nyingine hana wala hajui wa kumwuliza.

Siku hizi maduka yamejaa spea. Ukitaka taa ya gari la Kijapani utaletewa za kuchagua mpaka uchoke. Cha gari hili hakuna. Enzi za foleni angalau tulikosa wote sawasawa.

Sina mashine ya kukandamiza beringi. Nitafanya kama tulivyofundishwa: sufuria ya mafuta juu ya jiko la mkaa, beringi imening'inizwa kwa waya ndani yake, isiguse chini. Ikishika joto inatanuka kidogo sana, unaidondosha kwenye shingo ya pinioni upesi, inakaa mpaka chini. Ikipoa njiani imegoma hapohapo. Na ikishaingia haitoki kwa wema. Ya zamani nilipoitoa ilipasuka vipande vitatu.

Chini ya beringi vinakaa vishimu viwili, pete za chuma nyembamba kama ganda la kitunguu. Hivyo ndivyo vinavyopima pinioni iingie kiasi gani kwenye gia kubwa. Vikikosekana meno yanang'ata vibaya. Nimeviloweka kwenye kopo la siagi lenye mafuta ya taa.

Naogopa. Basi, nimeandika.


Jumamosi, 10 Desemba

Imeingia.

Ilikuwa hivi. Mkaa umekolea, sufuria juu, beringi inaning'inia vizuri. Mara namwona baba mdogo Yohane getini, mdogo wake Baba, katoka sokoni na fimbo yake na kikapu. Nifanye nini? Kwetu humsalimii mzee kwa kupunga koleo. Nikaacha kila kitu, nikafuta mikono, nikamwendea.

Shikamoo, marahaba. Nikadhani nimemaliza. Wapi! Kashika mkono wangu hauachii. Mama Aika je? Aika je, anasoma? Ng'ombe wa Baba kazaa? Kahawa huku kwenu imeshika ua? Yeye kifua cha mke wake kinamsumbua, dawa aliyopewa hospitali ya Mawenzi imeisha. Yote nikayajibu, nami nikamwuliza ya kwake, maana ukipokea tu bila kuuliza utasemwa mpaka Marangu. Nyuma ya bega lake naliona jiko. Naye ananiambia habari za ndama.

Niliporudi mafuta yalikuwa yanafuka. Waya ulikuwa umeinama, beringi imekaa chini ya sufuria. Nikainyakua kwa koleo, nikaidondosha kwenye shingo. Ikashuka yenyewe mpaka chini, tap. Sijawahi kusikia sauti tamu hivyo. Baba mdogo akapiga makofi kabisa.


Jumapili, 11 Desemba

Ibadani. Wimbo wa pili, tumesimama. Nikakumbuka vishimu.

Niliviweka?

Nikaacha kuimba. Mama Aika akanitazama. Nilijaribu kuirudisha jana yote kichwani: kufuta mikono, kukimbia, koleo, moshi machoni, tap. Vishimu sivioni. Nakumbuka nia ya kuviweka. Nia si vishimu.

Baada ya baraka sikusalimiana na mtu, nikaenda gereji na suti yangu ya kanisani. Kopo la siagi limeoshwa, limefunikwa kwenye kichanja. Mama Aika alimimina yale mafuta kwenye mkaa jana jioni kuwashia jiko. Nikamwuliza kama aliona kitu ndani. Akasema chini kulikuwa na uchafu. Uchafu gani?

"Uchafu ni uchafu, Baba Aika. Ungependa niuhesabu?"

Majivu aliyatupa kwenye migomba. Nimepitisha sumaku kwenye majivu yote, nimepiga magoti na suti. Nimepata msumari.


Jumatatu, 12 Desemba

Mahali penyewe hapaonekani. Beringi imelala juu ya kichwa cha pinioni imebana, hata uzi haupiti. Nimejaribu tochi, nimejaribu kioo cha kunyolea. Mtu aliyeviweka na mtu aliyevisahau wanaona kitu kilekile.

Kuitoa ni kuivunja. Nyingine hakuna. Na Krismasi hiyo inakuja.

Nachukia kila mtu leo, kuanzia mimi.


Jumatano, 14 Desemba

Nimeirudisha pinioni kwenye nyumba yake kwa majaribio. Nimechanganya grisi na bluu ya kufulia mashati, nikapaka meno ya gia kubwa, nikazungusha kwa mkono. Pinioni ikikaa sawa, bluu inafutika katikati ya jino.

Imefutika katikati. Au juu kidogo ya katikati. Asubuhi niliona katikati, mchana juu kidogo. Nimefuta, nimepaka upya. Katikati. Meno yenyewe yamelika kwa uzee, yanaweza kusema lolote. Nimemwita Mama Aika aje aangalie kwa macho mapya. Kasema ni bluu nzuri, na shati langu jeupe ndilo lililokuwa linaisubiri.


Alhamisi, 15 Desemba

Nimeamua. Niliviweka. Mkono wa fundi unafanya kazi hata kichwa kikiwa hakipo. Nimefunga difu, nimeweka mafuta, nimekaza boliti zote.

Sikula mchana.


Jumamosi, 17 Desemba

Inatembea!

Nimeipeleka mpaka Kwa Sadala na kurudi. Watu wazima wanasimama kando ya barabara wanapiga vigelegele. Mzee mmoja sokoni kaigusa bodi kavua kofia, kasema alibebwa na hii gari siku ya kipaimara chake. Kwa muda mfupi nilikuwa mtu mwenye furaha. Naliandika hilo kwa haki.

Kurudi, nikiondoa mguu kwenye mafuta, nikasikia mlio kutoka nyuma. Uuuu, mwembamba. Nikikanyaga unakoma. Nikiachia unarudi. Nimekanyaga na kuachia mpaka mjini, walionifuata nyuma wamedhani nimelewa.


Jumapili, 18 Desemba

Elisante kafika na familia yake kutoka Dar, yuko likizo mpaka katikati ya Januari. Nimempandisha tukazunguka. Nikamwuliza anasikia nini.

"Bro, hii gari ina miaka kuliko wewe. Acha ilie."

Nilitaka sana kumwamini. Elisante anafanya kazi bandarini, ofisini. Difu hajawahi kuiona imefunguliwa. Nilitaka kumwamini hivyohivyo.

Njia ya kwenda kanisani kutoka nyumbani kwa Baba ni mteremko mtupu mpaka darajani. Upande mmoja ukuta wa udongo, upande wa pili korongo. Kushuka ndiko unakoondoa mguu kwenye mafuta. Pinioni ikikwama pale, magurudumu ya nyuma yanasimama palepale, na gari linakwenda linakotaka. Mvua za vuli hazijaisha, udongo ule ni sabuni.

Mama atakuwa amekaa kwenye benchi la nyuma. Baba mbele, kando yangu.


Jumanne, 20 Desemba

Mama kashona mto wa benchi la landrova. Kitambaa cha maua. Elisante ndiye aliyeniambia, anacheka. Baba katoa koti lake la harusi lipigwe pasi. Baba mdogo Yohane naye atapanda, kamwambia kila mtu kwamba alikuwepo beringi ilipoingia. Shangazi wawili. Mwalimu wa kwaya kaomba nafasi.

Kila siku anaongezeka mtu. Wanajaza gari kwa furaha, mimi nawaona korongoni.

Nikisema sasa, Baba hataenda kanisani. Amebakiwa na Krismasi ngapi? Nisiposema, basi hayo yote niliyoandika juzi. Na huenda vishimu viko mahali pake na mimi ni mpumbavu tu mwenye gari zima.


Alhamisi, 22 Desemba

Nimepakia magunia ya mchanga, uzito wa ukoo mzima, nikapanda nayo nusu ya mlima na kushuka. Peke yangu. Mlio umenenepa. Nilipofika chini nikaingia uvunguni, nikaweka kiganja kwenye difu. Kwa joto lile sikuweza kukiacha pale hata kwa kuhesabu tatu.

Nimemweleza Mama Aika kila kitu. Vishimu, kopo, mlio, daraja. Nilitegemea atanipa moyo. Alikuwa anamenya ndizi za mtori, hakuacha kumenya.

"Aika utampandisha humo?"

Akaendelea na ndizi.

Kwa hiyo najua. Mficha maradhi kifo humuumbua. Nimeyaficha vya kutosha.


Ijumaa, 23 Desemba

Nimeishusha difu. Nimetoa pinioni. Nimefunga beringi kwa vyuma viwili na boliti ndefu, nikaivuta taratibu. Ilipiga kelele, ikaachia. Kizimba chake, kile kinachoshika gololi, kikakatika. Nilijua.

Chini yake: kishimu. Na kishimu kingine. Vyote viwili, vimelala vizuri mahali pake.

Nilikaa sakafuni nikacheka vibaya mpaka Mama Aika akatoka nje. Niliviweka! Mkono uliviweka! Na mimi nimevunja beringi pekee iliyokuwepo, siku mbili kabla ya Krismasi, kwa woga.

Halafu nikaigeuza ile beringi.

Upande wa chini, uliolalia vishimu, chuma ni cha bluu. Si bluu ya mashati. Ni ile rangi ambayo chuma hupata kikiungua, kikapoteza ugumu. Ni pale iliposhuka na kukaa chini ya sufuria, juu ya mkaa, mimi nikiulizwa habari za ndama. Na njia ya gololi imeshachimbika mabonde mabonde, kidole kinayasikia. Imetembea Kwa Sadala na nusu mlima tu. Mteremko wa darajani na watu wote wale isingemaliza.

Wiki mbili nalinda mlango wa mbele, mwizi yuko jikoni. Niliuona ule moshi. Nimerudi kusoma: niliuandika mwenyewe, nikapita.

Nimewaona wote wamekaa kwenye mto wa maua.


Jumamosi, 24 Desemba

Nimepanda nyumbani na beringi mfukoni. Kwenye uzio nikasimama muda mrefu. Nikachuma jani la sale, maana mwenye sale mkononi hakataliwi msamaha, hata aliyeua ng'ombe wa mtu. Nikajiona mjinga, nikalishika vilevile.

Baba alikuwa barazani. Aliona jani kabla hajaniona mimi.

"Nani amekufa?"

Nikamwambia hakuna aliyekufa. Nikampa beringi. Nikasema imeungua, nimeiunguza mimi, gari halitapanda. Aliigeuza kwenye mwanga, akapitisha kidole gumba kwenye yale mabonde. Alikuwa akiendesha gari hilo na magunia ya kahawa, anaujua mteremko.

"Sale ni ya kosa kubwa," akasema. "Umeivunja kabla haijatuvunja. Karudishe jani lako."

Jani lililochumwa halirudi. Nimeliweka mfukoni. Koti lilikuwa limetundikwa mlangoni, limepigwa pasi. Afadhali angefoka.


Jumapili, 25 Desemba

Krismasi. Elisante kawashusha watu kanisani kwa zamu. Mama kaenda na mto wake wa maua, kaukalia kwenye gari la Elisante. Baba kabaki. Nami nikabaki.

Tulikaa barazani. Kengele ilisikika, halafu kwaya kidogo, upepo ukigeuka inapotea. Baba alivaa koti lake hivyohivyo, barazani. Roho iliniuma kuliko nilivyotegemea.

Kisha akauliza: "Moto ulizidi. Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nasalimia."

"Nani?"

Ningemtajaje mdogo wake? Lakini mchana watu walirudi kwa ajili ya mbuzi, na baba mdogo Yohane akaingia uani na fimbo yake. Nilikuwa nageuza nyama. Nikaacha, nikafuta mikono, nikamwendea. Akaushika mkono, akaanza na Mama Aika, akaenda kwa Aika, akaenda kwa ng'ombe. Nyama ikaanza kuungua, Elisante akakimbia kuitoa.

Nikageuka nikamwona Baba anatutazama. Anamtazama mdogo wake, anatazama nyama, ananitazama mimi. Akaomba pombe ya mbege.


Jumatano, 11 Januari 1995

Rafiki yake Elisante kapata beringi Dar, kwenye duka linalofungwa. Imekuja na basi leo. Mpya, bado ina karatasi yake ya mafuta. Moja tu, tena.

Nimesema nitaiweka Jumamosi. Wasiwasi umerudi kana kwamba ulikuwa unasubiri kituoni pamoja na mzigo.


Jumamosi, 14 Januari

Asubuhi napanga mkaa, nasikia gari. La Elisante. Mlango wa mbele ukafunguka, ikatoka fimbo, ikatoka kofia, kisha Baba mwenyewe, ameinama karibu magoti yaguse kidevu. Elisante kanikonyeza: nisiseme. Shikamoo tu, na Baba akaitikia kwa ufupi, akauachia mkono wangu.

Akaomba kigoda. Hakutaka kukaa ndani wala kivulini. Kaenda kukiweka getini, katikati kabisa, akakaa na koti lake la harusi, kanipa mgongo.

Nikaweka vishimu. Nikavigusa. Nikamwita Mama Aika naye avione, akasema ndiyo, uchafu wako upo. Sufuria juu, beringi inaning'inia, waya mpya, mgumu. Sikuondoa macho kwenye mafuta.

Jumamosi ni siku ya soko. Nyuma yangu nikasikia getini: shikamoo, marahaba. Tena shikamoo. Mteja mmoja, jirani, mwenye nyumba. Hakuna aliyempita. Kisha nikasikia fimbo ninayoijua, na sauti ya baba mdogo Yohane, safari hii yeye ndiye anayeamkia. Baba akamshika mkono. Akamwuliza kifua cha mke wake. Akamwuliza ndama. Akamwuliza kahawa, shamba kwa shamba, na mvua ya mwaka jana na ya mwaka juzi.

Mafuta hayakufuka. Beringi ilitoka safi, nikaidondosha, ikashuka. Tap.

Nikasubiri mpaka ipoe kabisa. Getini bado walikuwa kwenye habari za kahawa. Nikanawa mikono kwa sabuni, nikaenda kusalimia.